Mstari Mmoja Uliomfuta Tabita

Kaka Obadia,

Neno "mpendwa" nimeliandika mara mbili na mara mbili nimelikata, kwa hiyo naliruka. Sikuulizi habari za huko Kitwe, Zambia, wala sikusimulii habari za mvua. Mwanao Tabita ameungua mkono wa kulia. Alianguka kifafa asubuhi akikoroga uji nyumbani kwa Mama, mkono ukaingia motoni, na Mama alipofika mbio kutoka kwenye mibuni ngozi ya vidole ilikuwa imeshatoka. Alianguka kwa sababu alikuwa hajameza dawa kwa miezi mitatu. Hakumeza kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye orodha. Halikuwemo kwa sababu yako wewe, na yangu mimi pia, nitafika huko.

Barua hii haiji kwako peke yako. Nakala moja nimeibandika kwenye mlango wa chumba cha kumbukumbu hapa kituo cha afya. Nyingine nitawapa madereva wazipeleke Isongole, Tunduma na ng'ambo ya mpaka, kwa sababu najua uliigawa ile diski yako kama karanga. Kila anayetumia Awk, ile lugha ya kompyuta uliyomwachia, asome, na akitaka kucheka mambo ya ndugu wawili acheke baadaye, kwanza arekebishe.

Unaikumbuka siku uliyoileta? Kituo kilikuwa kimepewa kompyuta ya msaada, kuukuu, ya rangi ya meno ya mvuta sigara, na hakuna aliyejua cha kuifanyia. Wewe ulikuwa na kile kibanda chako Tunduma cha kuwachapia madereva makaratasi yao. Ulikuja na diski mfukoni mwa shati, ukanikalisha juu ya boksi la glovu, ukaniambia, "Mdogo wangu, hii lugha ni ndogo, inaingia kwenye diski moja na nafasi inabaki, lakini hakuna orodha inayoishinda."

Na kweli, siku ile nilifurahi kuliko siku yoyote niliyowahi kuwa kazini. Ulinionyesha kwamba Awk husoma faili mstari kwa mstari, na kila mstari inaukata vipande pale penye mkato. Kipande cha kwanza kinaitwa $1, namba ya kadi. Cha pili $2, jina. Cha tatu kijiji, cha nne dawa. Kisha ukaandika mstari wako mmoja, ukarudi nyuma ukakunja mikono kama fundi aliyemaliza kuezeka:

awk -F, "!x[$2]++" wagonjwa.txt

Manesi walikuwa wanamwandika mgonjwa yule yule mara mbili tatu, na mstari wako ukayafuta marudio yote kwa kufumba na kufumbua. Sista mkuu alipiga makofi. Mimi nikauliza, "Kaka, hiyo alama ya mshangao ni ya nini?" Ukanijibu mbele ya watu, "Wewe bonyeza tu. Ukielewa yote, mimi nitakula wapi?" Tukacheka wote. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wengine, na nikilikumbuka jambo hilo sasa natamani kujizaba kofi.

Ulipovuka mpaka ukatuachia faili zako zenye majina k1, k2 na k3. Ndani yake x, y na z. Hukuandika hata neno moja la maelezo, na Awk inaruhusu maelezo, unaweka alama ya reli (#) kisha unaandika chochote unachotaka, "hapa nafuta marudio ya jina", maneno matano tu! Yangekupotezea nini?

Basi nikajifunza kwa kujikwaa. Wenzangu mnaosoma, sikilizeni, haya ndiyo ambayo kaka yangu aliona ni siri. Kwenye kompyuta zetu hizi za Windows fungeni amri ndani ya nukuu ya vistari viwili ("), ile ya kistari kimoja (') haikubaliki, nilipoteza wiki nzima hapo. Amri ikirefuka iandikeni kwenye faili na kuiita kwa -f. Mkitaka kuchagua wagonjwa wa dawa fulani, wekeni alama mbili za sawasawa. Mimi niliweka moja, na Awk ikaelewa kwamba naamuru, siulizi. Asubuhi moja wagonjwa wa tarafa nzima wakawa na kifafa kwenye karatasi. Na angalieni nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina la kijiji, nesi akigusa kitufe kirefu bila kujua, Mlowo moja inakuwa Mlowo mbili. Mnaweza kuikata kwa amri ya gsub, ila mkigusa kipande kimoja tu cha mstari, Awk inauunga mstari wote upya kwa nafasi tupu na mikato inapotea. Tangulizeni OFS="," ili iunge kwa mkato, la sivyo mtalia kama nilivyolia mimi.

Hayo yote niliyasamehe, kaka. Nilijivunia hata, nikajiona fundi. Lakini ule mstari wako wa kwanza sikuugusa, kwa sababu ulikuwa wako, na kwa sababu siku zote ulitoa karatasi safi.

Sasa nikuulize wewe, mtoto wa nyumba ile ile niliyozaliwa mimi. Kwetu mjukuu hupewa jina la nani? Mtoto wako wa kwanza alipozaliwa nani alisimama akasema, "Huyu ni Tabita, Mama amerudi mdogo"? Wewe. Ulikuwa ukimbeba na kumwita "mama", ukimwamkia shikamoo kwa utani, na yeye hajaota hata jino. Mama yake aliporudi kwao Isongole baada ya wewe kwenda Kitwe, mtoto akabaki kwa Mama, na nyumba ikawa na Tabita Haonga wawili, mmoja mwenye mvi na mmoja mwenye daftari la shule. Nenda nyumba yoyote ya huku juu utawakuta hivyo, babu na mjukuu jina moja, kijiji kimoja, hata bakuli moja. Mgeni asiyetujua angeandika mstari ule ningemwelewa. Wewe ulikaa kwenye kiti kile, ukaiambia kompyuta kwamba jina likitokea mara ya pili ni takataka.

Kwa miaka miwili haikutudhuru sisi wa nyumba ya Mama, maana aliyekuwa kwenye orodha ya dawa za kila mwezi ni mtoto peke yake. Kisha presha ya Mama ikapanda, naye akaingizwa kwenye orodha hiyo hiyo. Kadi yake ni ya zamani, namba yake ndogo, kwa hiyo akapangwa juu. Awk yako ikamwona Tabita Haonga wa kwanza, ikampokea. Ikashuka hadi kwa Tabita Haonga wa pili, ikasema huyu nimeshamwona, ikamtupa. Haikulia, haikuonya, haikuacha hata alama.

Unajua utaratibu wetu. Sista hufunga dawa kwenye vifuko kwa kufuata orodha, na Baba Nzunda, mhudumu wetu wa vijijini, huvipeleka kwa baiskeli. Alipofika kwa Mama na kifuko kimoja, Mama alimuuliza, "Na za mtoto je?" Baba Nzunda akamfunulia karatasi. "Mama, hapa Tabita Haonga ni mmoja. Na hii ni ya kompyuta, haisahau mtu." Mama akaamini. Mtoto alikuwa hajaanguka mwaka mzima, akadhani daktari ameona amepona, akamshukuru Mungu, Jumapili akatoa sadaka ya kuku.

Tatizo letu ni hilo pia, siwezi kukubebesha wewe lote. Karatasi ikiandikwa kwa mkono tunaihoji, tunasema karani alikuwa na usingizi. Ikitoka kwenye mashine tunainamisha kichwa.

Na mimi? Mimi ndiye niliyeichapa, mara tatu, na mara tatu nikasaini chini yake. Nilikuwa nikipitisha kidole kwenye majina, nikifika kwenye Tabita Haonga moyo unatulia, nasema mtoto yumo, naendelea. Sikusoma upande wa pili palipoandikwa presha. Nilikuwa naliangalia jina la Mama na kumwona mtoto wako. Nina hasira na wewe, kaka, ila usidhani ninalala vizuri kwa sababu hiyo.

Jumapili iliyofuata siku ya kuungua, baada ya kumwacha mtoto wodini, nilijifungia chumba cha kumbukumbu. Sikujua pa kuanzia, faili lina mamia ya watu. Basi nikafanya kitu ambacho ningependa kila mtu akijue: nikaacha faili kubwa, nikatengeneza dogo lenye mistari miwili tu, wa Mama na wa mtoto. Nikaupitisha mstari wako. Iliingia miwili, ukatoka mmoja. Nikaurudia kana kwamba utabadili mawazo. Ukatoka mmoja.

Ndipo nikaondoa ile alama ya mshangao uliyokataa kunieleza. Alama moja, kaka. Amri ile ile bila hiyo alama inachapa wale wote ambao ilikuwa inawatupa. Niliiendesha kwenye faili zima na yakatoka majina kumi na tisa. Mengine yalikuwa marudio ya kweli, kadi ile ile. Kumi na mmoja walikuwa watu, mababu na wajukuu, mabibi na wajukuu, na mmoja ni pacha aliyerithi jina la mwenzake aliyefariki, ambaye bado yumo kwenye faili. Nilikaa nikiyaangalia mpaka Sista akaja kugonga mlango.

Nilikupigia siku hiyo hiyo. Ukaitika, "Mulishani, mdogo wangu!" ukinijulia hali kwa Kibemba cha huko, kwa ile sauti yako ya mtu aliyeshiba. Nikakueleza habari ya mstari. Hukuniuliza ni nani aliyekosa dawa. Ulisema, "Programu haina kosa. Data zenu ndizo chafu, watu wawili hawawezi kuwa na jina moja kwenye mfumo." Nikakata simu. Ndiyo maana habari ya mkono unaisoma hapa.

Hazikuwa data chafu, Obadia. Walikuwa Mama na mtoto.

Baba Nzunda alitoka alfajiri ya Jumatatu na vifuko kumi, maana wa kumi na mmoja, Tabita, alikuwa wodini, na nimwombee heshima hapa, alilia mbele yetu kabla ya kupanda baiskeli. Wote amewakuta hai. Wawili hali zao mbaya kidogo, wamepokelewa.

Kwa wengine wote wenye diski ile, fanyeni hivi leo, msisubiri. Kwanza ondoeni mshangao mwone mnaowatupa. Halafu badilisheni $2 iwe $1, ili kompyuta ilinganishe namba ya kadi, siyo jina. Mgonjwa aliyepoteza kadi na kupewa nyingine atatokea mara mbili, mwacheni atokee, muulizeni mwenyewe kwa mdomo, kumwandika mtu mara mbili hakujamuua yeyote. Wekeni mwishoni sehemu ya END yenye kuhesabu mistari iliyoingia na iliyotoka, na tofauti ikionekana asisaini mtu mpaka ajue ni akina nani. Na kila mnachoandika kiwekeeni maelezo kwa Kiswahili cha kawaida, ili atakayekaa kwenye kiti hicho baada yenu asiwe mtumwa wa akili zenu.

Wewe nakutaka kitu kimoja. Kaa chini uandike kila mahali ulipoiacha diski hiyo, kila zahanati, kila shule, kila ghala, huku na huko ng'ambo, na uwapigie mmoja mmoja. Usiwaambie data zao chafu. Waambie, "Nilikosea." Ni neno fupi, halitakuvunja jino.

Mkono unapona polepole. Daktari anasema vidole viwili huenda visikunjuke vizuri tena, kwa hiyo Tabita anajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto, na hasira zake ni kama zako, akikosea herufi anachana ukurasa mzima. Nilimweleza yote, maana ana haki ya kujua. Nilimchorea Mama juu, yeye chini, na ule mstari ukipita. Alielewa haraka kuliko Sista. Akaniuliza, "Shangazi, baba alinifuta kwa bahati mbaya, au alikuwa amesahau kama nipo?"

Nimemwambia ni bahati mbaya. Nimekutetea kwa mara ya mwisho, kaka, na hajaniamini. Njoo umjibu wewe.

Mdogo wako,
Shangazi yake Tabita