Mkono wa Bahati

Jumatatu, 3 Februari

Nimewafuta wanasesere kwa dawa kabla darasa halijaingia. Simba kapoteza sikio. Mchanga wa sanduku la kuchezea nimeuchekecha, nikatoa vipande vya biskuti. Watu wazima wanachafua kuliko watoto.

Wiki ya pili ya mafunzo. Wanafunzi sita, wote washauri nasaha, wote wanahudumia familia za kwetu huku ughaibuni, North York. Nawafundisha kutibu watoto na vijana kwa mchezo. Hii ni mara ya kwanza nafundisha bila Mama Shirin kukaa nyuma yangu. Amestaafu, lakini bado ndiye msimamizi wangu. Muismaili wa Tanga, Kiswahili chake kinanishinda mimi wa Morogoro.

Leo tumerudia lile lile: usimuulize mtoto kwa nini, sema unachokiona. Wanaona rahisi. Baada ya dakika mbili kila mtu anauliza kwa nini.

Bahati anawachekesha wote. Mkongo wa Uvira, mrefu, anafanya kazi na vijana waliofika karibuni. Nampenda darasani. Akiwepo siogopi kimya.

Jumanne, 4 Februari

Somo la mipaka. Mtoto akitaka kukupiga, unamwambia: mimi si wa kupigwa, mto ndio wa kupigwa. Bahati kaigiza mtoto mkorofi, kaupiga mto mpaka pamba imetoka. Tumecheka sana.

Kesho zoezi refu. Nina wasiwasi kidogo. Wa kawaida tu.

Jumatano, 5 Februari

Naandika ili nielewe.

Zoezi: mmoja awe mtoto, mmoja mtabibu, wengine watazame. Niliwaonya wachague kumbukumbu ndogo. Kunyimwa baiskeli. Kuogopa mbwa. Bahati akasema atakuwa mvulana aliyepoteza mpira. Zainabu akawa mtabibu wake. Zainabu ni binti wa Mombasa, makini, mwoga wa kukosea.

Bahati akautafuta mpira kwenye rafu. Akamwona mwanasesere wa kitoto kichanga. Akasahau mpira. Akamlaza mchangani, akamfunika kitambaa, akaingiza mkono chini ya kitambaa na kumziba mdomo.

Akabaki hivyo.

Zainabu akasema kama nilivyomfundisha: "Naona umemfunika. Naona mkono wako uko mdomoni pake." Jasho lilimtoka Bahati puani. Mkono ulikaza mpaka mishipa ikasimama hadi kwenye kiwiko. Zainabu akanitazama. Nikampungia mkono: endelea.

Nilimwambia aendelee. Niliona, na nikamwambia aendelee. Watu wanne walikuwa wanatazama na nikadhani somo linakwenda vizuri.

Niliposimamisha alikuwa hasikii. Nilimwita jina mara nyingi. Mwishowe akasimama, akaitazama mikono yake kama si yake, akatoka nje kwenye theluji bila koti. Nilipofika mlangoni hayupo.

Nilimrudisha yule mwanasesere kwenye rafu. Sikutaka kumgusa.

Alhamisi, 6 Februari

Hakuja. Simu yake inaita tu.

Zainabu alinifuata msalani analia. "Ni mimi, dada Rehema?" Nikamwambia hapana, ni mimi. Hakuniamini. Ni kweli lakini.

Nimefundisha hovyo saa zote. Kila mlango ukifunguka nageuka kutazama. Bahati anaishi ghorofa ya kumi na nne. Aliwahi kututania kwamba kutoka balkoni kwake anaona mpaka Marekani. Tangu jana naifikiria hiyo balkoni.

Nimempigia Mama Shirin. Nilianza kueleza habari za leseni yangu, nani ataniripoti, chama cha watabibu kitasema nini. Akanikata.

"Mkewe umempigia?"

"Bado."

"Leseni utaililia baadaye, mwanangu. Mpigie mkewe."

Sijampigia. Naogopa kusikia. Kesho asubuhi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempigia. Anaitwa Neema. Sauti ya chini, ya mtu aliyejificha jikoni.

Bahati haendi kazini. Anakaa kwenye kochi, ameikalia mikono yake. Binti yao wa miaka minne akiomba kubebwa, baba anasogea pembeni. Mtoto anamwuliza kwa Kiingereza amemkosea nini. Yeye hajibu kwa lugha yoyote.

Nikamwuliza Neema swali ninalowafundisha wengine waulize bila kupepesa: anazungumza habari za kufa? Akanong'ona: "Jana alisimama balkoni, dada. Bila sweta. Nikamuvuta ndani."

Nikamwambia afunge balkoni na ufunguo aufiche. Nikampa namba ya dharura, nikamfanya airudie. Nikamwambia nakuja. Akaenda kumwuliza mumewe, akarudi: hataki kuniona.

Nimemtumia ujumbe. Kaka Bahati, kosa ni langu, nilipaswa kusimamisha zoezi. Ameusoma.

Siwezi kula. Mimi ndiye niliyemfungulia huo mlango, na sijui kilichomo ndani.

Jumamosi, 8 Februari

Neema alipiga asubuhi, analia. Alikuwa anamwogesha mtoto, alipotoka bafuni Bahati hayupo. Simu kaiacha mezani. Glavu kaziacha. Polisi ameshawaita.

Niliendesha gari kama kipofu. Theluji ilikuwa inaanguka kwa pembeni, vioo haviwahi kusafika. Nilizunguka jengo lao kwanza. Nililazimika kutazama chini ya zile balkoni zote, upande baada ya upande. Sijawahi kuogopa theluji hivyo. Kila rundo lilikuwa mtu.

Kisha daraja la juu ya barabara kuu. Hakuna mtu. Kisha maegesho ya kanisa lao. Kisha maghala ya Downsview hapo jirani, malori yamepangwa, hakuna mtu. Nilikuwa naomba kwa sauti, mimi ambaye siombi.

Nilikwenda kituoni kwetu, tunakofundishia, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Jumamosi pamefungwa.

Alikuwa amesimama mlangoni. Theluji mabegani, mikono kaificha kwapani. Hakugeuka.

Nilishuka taratibu. Nilimwuliza moja kwa moja, sauti ikinitoka vibaya: "Bahati, unataka kujiua?"

Akageuka.

"Juzi nilitaka. Leo hapana, dada. Nimekuja kumufunua."

Nilimpigia Neema, nikawapigia polisi kwamba yu hai, nikampigia Mama Shirin. Ufunguo ninao. Najua kanuni: mimi ni mwalimu wake, si mtabibu wake. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kuwa vyeupe. Nilifungua. Nikamweka karibu na hita na kumwambia hatugusi chochote mpaka Mama Shirin afike. Naye akakubali kama mtoto.

Mama Shirin alifika na kilemba cha sufu, viatu vya theluji, akihema. Alimsalimia Bahati kwanza, akamwuliza ya nyumbani, kama vile amekuja kupiga hodi tu. Neema akafika na mtoto. Mtoto akabaki ofisini na afisa wa polisi aliyewasindikiza, wanachora.

Bahati alimchukua mwanasesere mwenyewe. Akamlaza. Akamfunika. Mkono ukaingia chini ya kitambaa. Safari hii Mama Shirin alisema, "Sote tupo, baba. Ukitaka kutoa mkono, utoe. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka tuache, tunaacha sasa hivi."

Akasema.

Alikuwa na miaka tisa. Walijificha kwenye migomba, yeye na mdogo wake Furaha wa miaka mitatu. Watu wenye bunduki walikuwa wanapita. Furaha alianza kulia. Akamziba mdomo.

"Aliacha kutikisika, dada. Miye sikumwachilia. Wale watu walishapita na sikumwachilia."

Alibeba mwili mpaka kulipokucha. Kulipokucha mwili ukakohoa.

Furaha yu hai. Ana saluni Edmonton, nchi hii hii. Bahati humpigia Krismasi tu, salamu, basi. Hajawahi kumwambia mtu. Hata Neema. Neema alikuwa amejishika kifuani.

Kisha akakivuta kitambaa. Akamtazama yule mwanasesere. Akamweka begani, akampigapiga mgongoni.

Sikulia pale. Nimelia ndani ya gari.

Jumapili, 9 Februari

Jana walimpeleka Bahati hospitali. Daktari alimwona, akamruhusu jioni na mpango wa kumfuatilia. Mama Shirin amempata mtabibu anayesema Kiswahili, mtu asiyenijua mimi. Vizuri hivyo.

Bado naogopa. Simu ikilia naitazama kwanza. Nimelala mchana mzima na nguo nilizovaa jana.

Nimeandika taarifa kwa chama chetu, yote, pamoja na ule mkono niliompungia Zainabu. Mama Shirin kaisoma. Kabadilisha koma mbili tu.

Jumanne, 11 Februari

Neema kapiga. Nilidhani ni baya.

Jana Bahati alimpigia Furaha. Neema alikuwa pembeni yake, simu iko kwenye spika. Bahati alimwambia yote, mpaka lile la kutokumwachilia. Alimaliza, upande wa pili kimya. Neema anasema huo ndio muda alioogopa kuliko wote, hata kuliko Jumamosi.

Kisha Furaha akasema anakumbuka. Si yote. Anakumbuka kiganja, kina chumvi. Na kwamba alikiuma.

"Nilidhani ulinikasirikia sababu nilikuuma," akasema. "Nilidhani ndiyo maana haunipigiaka."

Mimi na Neema tulibaki kwenye simu tunapumua.

Jumatano, 12 Februari

Darasani nimewaambia nilichokosea. Nimeweka kanuni mpya: anayetazama yeyote anaweza kusimamisha zoezi, hahitaji ruhusa yangu. Zainabu akauliza, "Hata mimi?" Hasa wewe, nikamjibu.

Nadhani sasa nitaogopa kila zoezi. Mama Shirin anasema hilo si baya, mradi niseme.

Alhamisi, 20 Februari

Bahati amerudi. Mtabibu wake karuhusu asikilize tu, asiigize. Alikaa karibu na mlango. Hakutania. Wenzake walimsogezea chai wakamwacha.

Somo la vijana. Wa miaka kumi na nne, kumi na tano, wanaoingia chumbani, wanaona midoli, wanakunja mikono. Nilieleza udongo, karata, kuchora bila kutakiwa kuonyesha. Bahati alikuwa anaandika. Mwishoni akanyoosha mkono.

"Na kijana akikataa kabisa kucheza?"

Nikasema tunakaa naye.

Akaitikia kwa kichwa. Tulikaa hivyo kidogo, sote saba, na sikukimbilia kusema chochote.