Kiraka Kinachopumua

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kaniita "Mama Jeli" mbele ya wodi nzima. Nimecheka, nifanyeje? Kidonda chake cha kisukari kimeshakula kisigino, sasa kinapanda. Daktari wa upasuaji kasema: Ijumaa ni kiraka chenu au msumeno wangu. Katikati hapana.

Kiraka ni ngozi tuliyoiotesha maabara kwa seli zake mwenyewe, ndani ya jeli. Shida ni kwamba pale mguuni damu haifiki – seli zitakabwa roho kabla mishipa haijaota. Ndiyo kazi ya zile chembe zetu nyeupe: zikilowa, zinatoa oksijeni kidogo kidogo. Tunazichanganya dakika ya mwisho.

Kaka: yaani mimi nguo kuukuu, natiwa kiraka! Wifi akamfinya.

Jumanne, 5 Machi

Seli nono, zimeshikana kama majirani penye umbea. Nimeziimbia. Mkuu wa maabara kapita, kaniomba nisiziue kwa sauti.

Jumatano, 6 Machi

Sijui niandikeje.

Nimetia chembe moja kwenye maji kuijaribu, nione vipovu. Kimya. Nyingine. Kimya! Kokoto tupu.

Chupa yake ilikuwa kwenye kabati la seli – lile lenye joto na sinia la maji chini. Nani kaiweka? Mimi. Wiki iliyopita rafu ilikuwa inapakwa rangi, nikaogopa vumbi. Na sisi watu wa seli ndivyo tulivyo: tukikipenda kitu, tunakitia penye unyevu. Hata kifuniko sikukikaza – ati zipate hewa! Zenye hewa ndizo hizo hizo, zuzu mimi. Zimepumua wikiendi nzima, zimezipumulia kuta.

Kutengeneza nyingine ni zaidi ya wiki. Kidonda hakingoji. Nimejifungia chooni nikalia, nikatoka nikisingizia mafua.

Alhamisi, 7 Machi

Ipo chupa moja ya majaribio ya mwanzo. Utando wa chembe zake mwembamba mno. Zikilowa zinafoka kama soda iliyotikiswa – na oksijeni ya pupa huunguza seli, kisha inaisha, zilizopona zikose pumzi. Nimezivika jeli nzito. Zimetulia. Kiasi. Juu ya seli hai sijazijaribu. Muda uko wapi?

Mkuu hakunigombeza, bora angenigombeza. Kasema tu: mwambie mgonjwa, mwambie na daktari. La sivyo kiraka hakitoki hapa.

Nimeanza na kaka. Akanisikiliza mpaka mwisho – kwake yeye huo ni ugonjwa mpya. Kisha: "Kwa hiyo ulizihurumia?"

Ndiyo, kaka.

"Basi hujabadilika, mdogo wangu. Ni wewe uliyemwogesha kifaranga ili asione joto."

Tukacheka mpaka machozi. Yangu yakaendelea.

Wifi hakucheka. Kauliza: na daktari, anajua? Nikasema nitamwambia kesho. Akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Ijumaa, 8 Machi

Wodini. Kiraka kimo kwenye bakuli mapajani mwangu, chembe zimeshachanganywa. Kipovu kinapanda pembeni. Halafu kingine. Taratibu? Haraka? Kila nikikazia macho, naona vinakimbia.

Mkuu nilimwambia kwamba daktari ameshaambiwa. Ulimi wangu huo! Ulitangulia, mimi nikaufuata nyuma na bakuli.

Daktari akijua, atakata leo. Asipojua na seli zikiungua, sumu itapanda, atakata juu ya goti. Au zitashika, na kaka atatembea. Jamani, zinaweza kushika!

Kaka kavaa shati la kutokea, wodini humu. Kasema kama mguu unaondoka, angalau auage kwa heshima. Wifi kageukia dirishani.

Daktari kaingia. Yuko kwenye sinki ananawa, kanipa mgongo. Kauliza: "Chembe ni zile zile mlizonionyesha?"

Nimesema nipe nafasi kidogo, namalizia kuandika vipimo. Uongo. Naandika haya.

Kipovu kingine.

Bomba limefungwa. Daktari anajifuta mikono, kidole kwa kidole, anangoja.

Kaka kaninyooshea mkono. Nikadhani anataka nimshike.

Anataka kalamu, nijibu kwa mdomo.