Koti la Nyasi za Tumati

Dada Rehema, shikamoo kutoka Tumati, ambako baridi imenivalisha soksi mikononi.

Nyasi za huku zina akili kuliko ofisi yetu ya kata. Majani membamba hujikunja kuzuia baridi, yaliyokauka hufunika machipukizi, na mizizi huweka akiba ya chakula ardhini. Lakini kwa kuwa kuna mgeni anakuja, bosi wetu aliamuru malisho yafyekwe ili papendeze.

Mama mmoja mfugaji akamsihi, "Bwana mkubwa, ukizinyoa sasa zitakufa kwa baridi. Ng'ombe wangu wale nini?"

Bosi akacheka. Nikasema, "Mkuu, majani makavu ndiyo koti la nyasi hizi. Wewe ungevua lako leo?"

Akafunga zipu hadi kidevuni, akaghairi. Tangu hapo hanisemeshi. Niombee kazi yangu, dada, na ulale umejifunika.

Mdogo wako, Eliya