Alama ya Jembe Langoni

Mpendwa mdogo wangu Ambakisye,

Huko uliko hakuna posta, najua, lakini mimi niliyefika Bombei na meli ya jeshi sitashindwa kukufikishia barua.

Unakumbuka Bruda wa misheni alivyotuchorea mji wa kwao ng'ambo, wa Kikatalani, kwenye vumbi la machimbo? Ukuta kuzunguka, lango moja la tao, vichochoro vyembamba hata akipita punda mwenye mzigo unajibanza. Ukuta ulizuia maadui, akasema, ila tauni ikapita langoni kama mgeni mwenye adabu, ukabaki unalinda nyumba tupu. Na mpaka leo kila jiwe lina alama ya mwashi aliyelichonga. Ukamwuliza, "Sasa Bruda, wenyewe huwa wanarudi kuzikagua?"

Ndipo ukachagua alama ya jembe, mimi nyota. "Nyota ya nini, kaka? Hata alfajiri huijui!"

Kichomi kilikuchukua lango letu la misheni likiwa limebakiza jiwe la kufunga tao. Ulikuwa umeshalichonga. Nikalikwangua jembe lako, nikapiga nyota yangu, nikatangaza Mbalizi nzima kwamba tao ni kazi yangu. Wakaniita Fundi Mkuu. Nikavimba.

Mvua ya kwanza iliponyesha, jiwe likalowa, jembe likatokea chini ya nyota, jeusi. Hilo nilijielezea: jiwe lililopigwa tindo hunywa maji kivyake. Mimi si mshamba. Lakini leo asubuhi, kiangazi hiki, nimepita langoni kwenye ukungu. Mawe makavu kabisa. Majembe yalikuwa kila mahali, hata kwenye mawe ya nguzo niliyochonga mwenyewe. Na unga wa mawe ulinidondokea begani, taratibu, kama kuna mtu juu yuko kazini.

"Ambakisye?"

Unga ukakoma.

Bruda alinikuta nimekaa chini. "Fundi Mkuu, unatetemeka?"

"Baridi, Bruda." Kisha ikanitoka: "Jiwe la juu si langu. Ni la mdogo wangu."

"Nilijua," akasema. "Nyota zako zote zimepinda, jiwe lile limenyooka."

Nimepanda ngazi, nimeifuta nyota, nimelichonga jembe lako upya. Nilipoligusa lilikuwa na joto, kama mpini ulioachwa sasa hivi.

Jumapili nitawaambia watu wote, wacheke wanavyotaka. Ila mawe ya nguzo nirudishie, ndugu yangu. Yamepinda, lakini ni yangu.

Pumzisha mikono sasa.

Kaka yako, mwenye nyota