Blanketi kwenye Tundu la Hewa

Shikamoo Bibi, mke wangu,

Baridi ya Njombe inamfanya mtu atubu hata dhambi ambazo hajazitenda. Ofisi imenipangia chumba hapa mtaa wa Ramadhani kwa mjane mmoja, Mama Upendo. Sebuleni kwake kuna jiko la gesi la kuotea moto, limejengwa ndani ya ukuta. Jana jioni aliniomba niliwashe. Nilisoma maelekezo yote, nikaupima mpira wa gesi kwa povu la sabuni nione kama unavuja, kisha nikaona tundu la hewa limezibwa kwa blanketi.

"Mama, hili litoke kwanza."

"Baridi inapita hapo. Ninyi watu wa Tanga mnajua nini habari ya baridi?"

"Bila hewa tutalala tusiamke."

"Tutaamkia mbinguni. Mimi kipaimara nilishapata."

"Mimi hata kazini bado sijathibitishwa," nikasema, nikalivuta blanketi.

Nilipowasha, moto ulishika vizuri, na upepo ukatupiga migongoni. Mama Upendo akanitupia nusu ya blanketi.

"Ota moto, mwoga wewe. Kesho utaniwashia tena."

Nakutakia afya njema, Bibi, na utoke jasho kwa niaba yangu.

Mjukuu wako,
Hamisi