Sahani Nzima ya Sudi

Ijumaa, 4 Aprili 2025

Watoto wamerudi kutoka Muyinga. Wamekula Idi kwa baba yao, siku sita nzima, na wamerudi na mashavu. Alhamdulillahi. Wamerudi na karatasi pia, imekunjwa ndani ya kiatu kipya cha Layla. Hesabu! Faridi, muuza vitenge, mume niliyeachana naye miaka miwili sasa, amegeuka mhasibu.

Kwa mwezi anatakiwa kunipa faranga 180,000. Layla ana miaka kumi, huyo ni sahani nzima: 120,000. Sudi hajatimiza saba, kwa hiyo ni nusu sahani: 60,000. Ndivyo kamati ya msikiti wa kwao ilivyoamua, na sote wawili tulitia sahihi. Sasa bwana mkubwa amekata siku sita walizokula kwake: 36,000. Amekata viatu vya Layla: 12,000. Amekata kinyozi wa Sudi: 2,000. Zawadi za Idi zinakatwa! Amebakiza 130,000, na chini kaandika "Asante."

Asante nawe, Faridi. Mungu akuzidishie karatasi.

Jumamosi, 5 Aprili 2025

Leo sokoni sikushona kitu cha maana. Mteja wa sare za harusi amenikuta na kikokotoo, akadhani nampigia bei yake, akaanza kulalamika kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa napiga za Faridi. Dawa ya minyoo ya Sudi. Madaftari. Sabuni – maana mtoto huyu anarudi nyumbani na vumbi lote la mtaa wetu wa Musinzira. Halafu eti nusu sahani! Aliyesema mtoto wa miaka sita anakula nusu hajawahi kumpikia Sudi. Mchana amemaliza maharage yake, akamaliza ya dada yake, akaniuliza kama mimi nimeshiba.

Ndipo nikaangalia kalenda ya msikiti, ile iliyo ukutani. Kwa karatasi ya komine, cheti cha serikali, Sudi alizaliwa tarehe 28 Mei. Bado siku hamsini na tatu atimize saba. Lakini kwa hesabu ya mwezi mwandamo alizaliwa Ramadhani kumi na mbili, na mwaka wetu ni mfupi kuliko wa komine, siku kumi au kumi na moja hivi. Nimehesabu Ramadhani zote kwa vidole. Nimerudia. Saba! Mtoto katimiza saba katikati ya mfungo huu uliopita na hakuna aliyejua.

Kamati ni ya msikiti. Na msikiti unahesabu kwa mwezi, hauhesabu kwa komine. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumapili, 6 Aprili 2025

Kaka yangu Houssein amekuja, nikamwonyesha. Kahesabu naye, kaona kweli. Tumekaa tukaandika barua: mimi Kulthumu, mama wa Sudi, nathibitisha kwamba mwanangu ametimiza miaka saba kwa kalenda ya dini yetu, na ninaomba ahesabiwe sahani nzima kuanzia mwezi huu. Nimetia sahihi. Houssein naye katia, kama shahidi. Akasema nimepoteza bahati, ningekuwa avoka, nitetee watu mahakamani.

Picha ya barua imeenda kwa simu kwa Sheikh Ilyasi, mkubwa wa kamati. Nakala kwa Faridi. Ningelipa nauli kuuona uso wake!

Jumatano, 9 Aprili 2025

Faridi amekubali.

Simu ya dakika mbili. Mtu aliyekata hela za kinyozi! Kasema tu: "Bon, saba ni saba. Mi naheshimu dini." Tangu lini?

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Pesa zimeingia. Amejaza 110,000, yaani na zile za Idi kazirudisha. Jumla 240,000, hakuna faranga iliyopungua. Nimenunua nyama kilo moja na begi la shule la Sudi, maana la zamani limeshonwa mpaka uzi umekuwa mwingi kuliko kitambaa.

Kasilda, anayeuza nyanya karibu na cherehani yangu, hakufurahi nami. Huyu kakulia kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake cha redio, na ushauri wake hauombwi. Ameniuliza, "Amelipa bila kubishana? Faridi huyuhuyu? Dada, mimi ningeirudia hiyo hesabu." Nimemwambia wivu ni ugonjwa. Akaendelea kupanga nyanya zake.

Jumanne, 15 Aprili 2025

Barua ya kamati.

Kwa kuwa mtoto Sudi ametimiza miaka saba, kama mama yake alivyothibitisha kwa maandishi, sasa amefika umri wa kuulizwa anataka kukaa kwa nani, kwa mama au kwa baba. Aletwe Muyinga, Jumamosi tarehe 26, saa tatu asubuhi.

Nyuma yake, kwenye simu, ujumbe wa Faridi: "Sahani moja kwako, sahani moja kwangu. Hatudaiani."

Nimeisoma nimesimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Ninaijua hiyo sheria! Kila mwanamke wa kwetu anaijua, tumekua nayo, mama zetu walitutisha nayo. Mtoto akitimiza saba anaulizwa. Nimeiona saba ya pesa, saba ya mtoto sikuiona. Na Faridi je? Mtu ambaye hajawahi kukumbuka siku ya kuzaliwa ya kiumbe yeyote. Angesahau mpaka Sudi aote ndevu. Mimi ndiye niliyemkumbusha. Kwa barua, kwa sahihi, kwa shahidi, na nakala juu! Hongera, Bi. Kulthumu. Avoka.

Naogopa. Nimeandika sasa, basi.

Jumatano, 16 Aprili 2025

Nimempigia Sheikh Ilyasi. Nimemwambia Sudi ana sita, cheti cha kuzaliwa kipo, tarehe 28 Mei imeandikwa wazi na muhuri umepigwa. Amenisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mpole, na hilo ndilo baya kuliko yote, huwezi hata kumkasirikia. "Mwanangu, we njo uliandika, si mwingine," akasema. "Mutoto hawezi kuwa na saba kwa ajili ya feza, na sita kwa ajili ya baba yake."

Nimesema nitarudisha zile 110,000. Akasema hapana, hizo mtoto kazila kwa haki yake, hakuna anayezidai. Ningeomba angalau anitukane kidogo.

Kasilda anasema niende mahakamani, mbele ya hakimu cheti ndicho kinachosema. Ni kweli. Na hakimu ataniuliza ile barua nani kaandika. Halafu hata nikishinda, nitakuwa nimeshinda mpaka tarehe 28 Mei, maana sasa Faridi ameshaikumbuka saba na haimtoki. Nimehesabu: kutoka Ramadhani kumi na mbili mpaka 28 Mei ni siku sabini na saba. Kwa siku sabini na saba za nusu sahani, faranga laki moja na nusu hivi, nimemfungulia mlango mwenyewe.

Layla alikuwa anapepeta mchele, anasikia yote. Akauliza bila kuinua kichwa, "Mi nilipita saba zamani. Mbona hakuna mwenye kuniuliza?"

Nimemwambia mchele una mawe, aangalie vizuri.

Jumapili, 20 Aprili 2025

Houssein amekuja na wazo. Tumfundishe Sudi cha kusema. Kaka yangu ana mawazo mengi, la kwanza tumeshaliona lilipotufikisha. Nimemfukuza.

Halafu nimempikia Sudi chapati siku ya tatu mfululizo. Hiyo si kumfundisha. Hiyo ni chapati.

Ijumaa, 25 Aprili 2025

Muyinga. Mafuta ya gari hakuna, kwa hiyo nauli imepanda tena, na kwa kuwa Sudi sasa ni mtu mzima wa miaka saba, dereva naye kataka alipiwe siti yake. Nimelipa! Nitabisha na nani? Layla amekuja pia, kakataa kubaki kwa Houssein. Tumefikia kwa shangazi yangu.

Alasiri tumeitwa kumsalimia Faridi dukani. Mlangoni imeegeshwa baiskeli. Ndogo, nyekundu, na kengele. Hakuna aliyesema ni ya nani. Sudi kaizunguka mara tatu, mikono nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe, hakuigusa. Faridi akasema ameitoa Gasorwe kwa rafiki, kwa bei nzuri. Ile haina kukatwa, nadhani.

Nadia, mke wake, ametupikia pilau. Mwanamke mwema, kanikirimu kama dada yake, kamwandalia Sudi kitanda chenye chandarua kipya na akanionyesha bila kujivuna. Nilitafuta kasoro mle ndani kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Sikuipata. Layla kapewa biskuti.

Njiani nilisema mengi, juu ya hali ya hewa.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Naandika kwenye benchi, barazani, nje ya chumba cha kamati. Bora mikono iwe na kazi. Faridi amekaa ncha ile ya benchi, kavaa kanzu ya Idi. Layla amekaa katikati yetu.

Tuliambiwa wazazi wasiingie, ili mtoto awe huru. Kabla hajaitwa, Sudi alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, niseme nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Wiki nzima nilikuwa nalo mdomoni, maneno matatu tu. Kumbe Houssein nilimfukuza bure. Nikamtazama, kavaa shati nililomshonea, kola imekaa vibaya upande mmoja. Nikairekebisha. Nikamwambia aseme anachotaka yeye.

Akafikiri. Akauliza, "Na kama mi nataka baiskeli, na nataka we?"

Sheikh Ilyasi akafungua mlango, akamwita kwa jina. Sudi kaingia peke yake, hakugeuka. Mlango ukafungwa.

Nasikia sauti ya Sheikh, ndefu, ya upole. Halafu sauti ya Sudi. Fupi. Maneno hayasikiki, ukuta huu kaujenga fundi mzuri, Mungu amlaani.

Wazee wote wamecheka mle ndani.

Faridi kageuka, kaniangalia usoni. Miaka miwili tunaongea kwa karatasi na simu, leo ndiyo mara ya kwanza tunatazamana hivi. Rangi imemtoka. "Amesema nini?" ananiuliza. Mimi! Kana kwamba nitajua. Layla kanishika mkono na kamshika baba yake, na hakuna kati yetu aliyeutoa. Mlango bado umefungwa.