Kiua cha Kileleni na Sururu ya Makoye

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mgeni kutoka chuo kikuu, anaitwa Sesilia. Buti kubwa kuliko yeye. Amekula wali maharage bandani kwangu, akauliza njia ya kupanda kilima. Nikampeleka mwenyewe — kule juu kuna kaubaridi katamu, siyo hapa kambini na vumbi na jasho la wachimbaji. Kileleni akapiga magoti kama yuko kanisani. Kisa? Kiua cha zambarau, kidogo kuliko ukucha, kimejibana kwenye ufa wa jiwe. Anasema amezunguka vilima vyote vya huku, hajakiona kwingine. Na mimi nakikanyaga kila nikienda kuni!

Jumatano, 6 Machi
Kambi imepagawa. Nani atoke mbali hivyo kuangalia ua? Wameshaamua: linaota penye dhahabu. Mhubiri mkuu ni mume wangu, Makoye. Aliacha pamba Kishapu kufuata utajiri; duara lake la mwisho, shimo alilochimba mwenyewe, limetoa maji na vyura. Sesilia amewaeleza taratibu kwamba ua linafuata ukungu na baridi ya kileleni, basi. Wakamsikiliza kwa adabu, shikamoo dokta, kisha wakaenda kunoa sururu.

Alhamisi, 7 Machi
Sesilia ameenda Geita mjini, kuomba wakubwa wazuie uchimbaji kileleni. Kabla ya kupanda bodaboda alinishika mkono. Hakuniomba kitu. Afadhali angeomba.
Jioni nikapanda peke yangu, nikalala kifudifudi, nikakitazama. Kina vinyweleo laini, kama sikio la mtoto mchanga. Wateja wakalala njaa. Wamenitukana kwa zamu.

Jumamosi, 9 Machi
Sesilia hajarudi. Niko kileleni, nimekaa mbele ya ufa, naandikia hapa hapa. Makoye amepanda na wenzake, sururu begani. Anasema nishuke, namtia aibu. Nimemjibu kilima ni kikubwa, achimbe kwingine, hapa nimekaa mimi.
Akaja karibu, akapunguza sauti.
"Mama Mageni. Hilo jani au mumeo?"
Nikamwambia anipe nafasi nifikirie. Wenzake wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Ameketi kwenye jiwe la pili, sururu mapajani, ananitazama.
Nilisema kwa utani.
Sasa nafikiria kweli —